Umbali wa Moscow hadi KIA

Kila mwaka, kidato cha tatu wakifika kwenye mada ya dunia kama tufe, mimi huumwa. Si ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Ni uchovu unaoanzia mabegani na kushuka mpaka kwenye nyayo, na hauondoki hata nikilala Jumamosi nzima. Mwaka huu nilimwomba mwenzangu wa idara anifundishie mada hiyo, nikamwambia koo limeharibika. Alinitazama vizuri tu. Anajua kwamba mwalimu wa hesabu wa miaka ishirini na miwili kazini hashindwi na koo, lakini ni mtu wa heshima, akachukua chaki akaenda.

Mada yenyewe ni nyepesi. Unapewa miji miwili, unaulizwa umbali wa ndege kutoka mmoja hadi mwingine. Miji ikiwa kwenye longitudo moja, hapo umepewa maksi za bure. Mmoja uko kaskazini mwa ikweta na mwingine kusini, unajumlisha digrii zao za latitudo. Yote iko upande mmoja, unatoa ndogo kwenye kubwa. Kila digrii ni kilometa mia moja na kumi na moja na kidogo, unazidisha, umemaliza. Ukipewa na mwendo wa ndege, unagawanya unapata muda. Naandika kwa Kiingereza ubaoni, naeleza kwa Kiswahili, na yule wa nyuma kabisa bado ananiuliza ikweta iko wapi. Nimeshazoea. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege hata siku moja. Nakaa Sombetini, na ndege ndogo za uwanja wa Kisongo zinapita juu ya bati langu tangu asubuhi, ila kuziona si kuzipanda.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa kiume. Alipata nafasi ya kwenda Moscow kusomea uhandisi, akamaliza, akapata kazi, akaoa hukohuko. Kwa mama hilo lilikuwa jambo la kushukuru kanisani. Kwa baba lilikuwa jambo la kukasirikia kila kahawa ikiiva. Baba alikuwa na shamba la kahawa na migomba upande wa mashariki wa mlima, ekari mbili na nusu alizozirithi kwa baba yake, na alitaka mwanawe arudi azishike. Simu zao zilianza na shikamoo na kuishia kwenye ugomvi. Mara ya mwisho baba alimwambia, nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi la jikoni: "Kama hutakuja hata kunizika, basi hukuwa wangu." Akakata simu, akaniambia nimwongezee chai.

Ni maneno ya hasira. Baba alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, na hata mimi ameshaniambia mengi. Lakini kwetu neno la namna hiyo lina uzito, kwa sababu katika ukoo wetu udongo wa kwanza kaburini unamwagwa na mtoto wa kiume wa kwanza. Mchungaji hawezi kumtangulia, kaka wa marehemu hawezi, hata mjane hawezi. Asipokuwepo, kaka wa marehemu anamshikia nafasi, na watu wataliongea jambo hilo mpaka wachoke, na huku kwetu watu hawachoki.

Baba alifariki Jumapili. Mazishi yakapangwa Jumamosi, saa sita mchana, baada ya ibada. Wiki hiyo nzima sijui niliishije. Nilikuwa nashuka mjini kufuata vibali na jeneza, napanda mlimani kuangalia maturubai, nashuka tena shuleni kwa sababu mitihani ya muhula ilikuwa haijasahihishwa na mkuu wangu alikuwa ananipigia kwa sauti ya upole iliyozidi kipimo. Usiku nilikuwa nalala kwenye mkeka na wanawake waliokuja kumliwaza mama, na kati yao wapo wanaokoroma, jamani, acha tu.

Ijumaa jioni, kama saa kumi na mbili, ukaingia ujumbe wa sauti wa mdogo wangu. Alikuwa anahema. "Dada, nimepata tiketi, niko uwanjani. Tunaondoka saa tatu usiku huu. Mwambie mama nakuja. Mwambie asiruhusu mtu amfunike baba kabla sijafika. Tafadhali, dada." Nilipopiga, simu haikupatikana tena. Saa zetu na za Moscow ni zilezile, kwa hiyo saa tatu yake ilikuwa saa tatu yetu. Huo ndio ulikuwa ujumbe wote.

Nikaupeleka kwenye turubai. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mazishi, alikaa na wazee wenzake wakiandika ratiba. Akausikiliza mara mbili, akanigeukia. "Mwalimu, si wewe ndiye unafundisha mambo ya ndege? Hebu tuambie, huyu atafika saa ngapi?"

Wazee wote wakaniangalia. Sasa nikiri. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kusahau jina langu, lakini pale nilisikia kitu kikinyanyuka ndani. Miaka yote hiyo nimefundisha watoto wa watu hesabu hiyo bila mtu yeyote kuihitaji, na leo inahitajika, tena kwa baba yangu. Nikachukua ratiba moja, nikaigeuza nyuma, nikaomba kalamu.

Moscow iko digrii hamsini na sita kaskazini. Uwanja wetu wa ndege wa KIA uko digrii tatu na nusu kusini. Longitudo zao zinakaribiana mno, tofauti haifiki hata digrii moja. Ni swali la maksi za bure kabisa! Nikajumlisha, hamsini na tisa na nusu. Nikazidisha, kilometa elfu sita na mia sita na kitu. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, nikapata muda usiofika saa nane. Ili nisionekane najisifu, nikafungua simu, nikatafuta ule mtandao unaokupimia umbali wa ndege. Nikaandika uwanja wa kwanza, nikaandika uwanja wa pili. Ukanichorea mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, umenyooka kama rula, na kilometa zilezile elfu sita na mia sita na kitu, na muda wa kuruka uleule, zaidi ya wangu kwa dakika chache. Nikawazungushia wazee simu wakaona wenyewe.

"Saa kumi na moja alfajiri atakuwa ametua," nikasema. "Saa mbili asubuhi, akichelewa sana, yuko hapa."

Baba mdogo akapiga paja. "Hiyo ndiyo faida ya kusomesha!"

Jirani yetu mmoja alikuwa anapita na sufuria la chai. Ni mama anayefua mashuka kwenye hoteli ya watalii kule chini, barabara kubwa. Akasimama. "Mwalimu, samahani," akasema, "wageni wetu huwa wanasimulia kwamba wamelala njiani, kwamba ndege moja iliwaacha mahali wakangoja nyingine. Au huko anakotoka yeye ndege inakuja moja kwa moja?"

Nakumbuka nilivyomjibu, na natamani nisingekumbuka. Nilimwambia, "Mama, hii ni hesabu. Si habari za wageni." Wazee wakacheka. Yeye akasema haya, akaendelea kugawa chai.

Jumamosi saa tisa usiku binamu yangu akaondoka na gari lake la Noah kwenda KIA. Saa moja asubuhi akapiga, hajamwona mtu. Saa mbili akapiga, hajamwona mtu. Saa nne alimwuliza askari wa mlangoni kuhusu ndege ya Moscow, askari akamwambia hapa hakuna ndege ya Moscow, akamwacha asimame juani. Binamu alivyotuletea habari hiyo kwenye simu, ilifika imeshageuka: ndege ya Moscow haina mtu wetu. Baadaye tuligombana sana juu ya nani aligeuza maneno. Mtandao kule uwanjani unakatikakatika, na huku kwaya ilikuwa inaimba, basi.

Mwili ulishafika kutoka mochwari. Ibada ikaenda. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine kata ya pili, akaahidi kusubiri, na kweli alisubiri, mpaka saa sita ikapita na saa saba ikagonga. Mama hakukaa. Alipewa kiti, akakikataa, akaenda kusimama kwenye njia ya kuingilia shambani, kanga yake imefungwa kiunoni, macho kwenye barabara. Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi, na sasa wingu lilikuwa linateremka. Wanaume waliochimba kaburi walikuwa wanaangalia juu. Udongo wa kwetu ukilowa haubebeki kwa koleo, na kaburi lililo wazi kwenye mvua ya huku linaweza kuporomoka kingo. Watu wakaanza kunong'ona. Amezoea mambo ya kizungu huyo. Mkewe amemkataza. Ule ujumbe alitutuliza tu, hakuwa na tiketi yoyote.

Baba mdogo akaja mpaka niliposimama, na mchungaji nyuma yake. Hakunong'ona. Aliuliza kwa sauti ya kikao. "Mwalimu. Ile hesabu yako inaweza kuwa na kosa?"

Ninayo ile nafasi mpaka leo mbele ya macho yangu. Maneno ya yule mama wa hoteli yalikuwa kichwani, sitadanganya kwamba hayakuwepo. Nilikuwa nimeyafikiria tangu saa tatu. Nilichotakiwa ni kusema: sijui, baba mdogo, mimi sijawahi kupanda ndege, tumngoje mpaka kesho. Kaburi lingefunikwa kwa turubai, mwili ungerudi mochwari, watu wangenung'unika na kula na kurudi makwao. Lakini watu mia mbili walikuwa wananitazama, na nilikuwa nimechoka, na mimi ni mwalimu.

"Haina kosa," nikasema.

"Basi hakupanda," akasema baba mdogo.

Wakaenda kwa mama. Sikusikia walichomwambia. Nilimwona tu mama anatikisa kichwa kukataa, kisha anatikisa tena polepole, kisha anafungua kanga kiunoni na kuifunga upya. Saa saba na nusu baba mdogo alimwaga udongo wa kwanza. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi, tukaliharibu, na tukaimba juu yake. Mvua ilinyesha wanaume wakiwa wanamalizia kusawazisha.

Saa kumi na mbili kasoro jioni, binamu akiwa amesharudi zamani na Noah yake tupu, teksi ya KIA ikasimama barabarani, akashuka mdogo wangu. Amevaa suti nyeusi, begi moja mgongoni. Watu waliobaki chini ya maturubai walikuwa wanakula ndizi nyama. Vijiko vikasimama. Akatembea kwenye matope na viatu vyake vya ngozi mpaka alipoona mashada ya maua, akasimama hapo.

Alikuwa ameondoka Moscow saa tatu usiku kama alivyosema. Ndege ikampeleka Uarabuni, akakaa kwenye kiti cha chuma muda wa saa tisa akisubiri ndege ya kuja huku. Simu ilikuwa haishiki laini yoyote, na mtandao wa uwanja ule ulidai namba ya siri ambayo ingetumwa kwenye laini hiyohiyo isiyoshika. Hakuona sababu ya kuhangaika zaidi. Alishatuambia anakuja. Hakuwaza hata kidogo kwamba kuna mtu ambaye hajui kuwa ndege hubadilishwa njiani.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimsalimia baba mdogo, "Shikamoo," akaitikiwa kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, akiwa hamtazami mtu, "Nani aliamua?"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Ni mimi," mama akasema. "Mimi ndiye niliyesema tuzike. Niliona hutakuja."

Mdogo wangu akamtazama. Akasema, "Sawa, mama." Akachuchumaa, akachukua udongo wa pembeni, mbichi, ukamganda kiganjani, akauweka juu ya kaburi kwa sababu haukumwagika. Baba mdogo akageukia mgombani. Mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Alikaa siku nne. Aliongea na kila mtu vizuri, kwa adabu, na ilikuwa adabu ya mgeni. Alipoondoka alimpa mama mkono.

Baada ya hapo akawa ananipigia mimi. Anauliza dawa za presha za mama kama zipo, bati linalovuja kama limebadilishwa, na akimaliza anasema, "Haya dada, usiku mwema." Nikimwambia ngoja nikupe mama, anasema yuko kazini. Miaka miwili, kila mara yuko kazini. Na mama, kila nikipanda Jumapili, kabla sijaketi ananiuliza, "Amepiga?" Nasema amepiga, anakusalimia. Hizo salamu ni uongo mtupu. Nilikuwa narudi Sombetini nimechoka kuliko nilivyokwenda, nasahihisha madaftari, na nikikutana na swali la ndege naliruka naweka tiki bila kusoma. Watoto wale sijui walifaulu vipi.

Mwaka huu, baada ya kukimbia mada ile kwa kisingizio cha koo, nilijionea aibu. Nikapanda kwa mama katikati ya wiki. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Mama, siku ile nilipoulizwa kama hesabu ina kosa, nilijua inaweza kuwa nalo. Nilijua, nikasema haina. Na jioni ukajibebesha wewe."

Hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Nilikuona ulivyosimama. Mimi nimekuzaa."

"Kwa nini ukasema ni wewe?"

"Yule alikuwa lazima amkasirikie mtu." Akatupa ndizi kwenye beseni la maji. "Akikukasirikia wewe, atampigia nani simu? Mimi ni mzee, mimi ningevumilia. Nilidhani ni hasira ya mwezi mmoja."

"Ni miaka miwili, mama."

"Nimehesabu," akasema, na hapo kisu kikasimama, na mama yangu akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya baba. Alilia kwa kumtaja mwanawe jina la utotoni, lile la kilugha, ambalo hakuna anayelitumia tena.

Nikapiga simu palepale. Akapokea, akaanza habari ya dawa za presha. Nikamwambia nyamaza kwanza. Nikamweleza yote: kalamu, ratiba niliyoigeuza nyuma, ule mstari mwekundu, yule mama wa hoteli, swali la baba mdogo na jibu langu. Nikamwambia mama alisimama njiani kumngojea tangu asubuhi mpaka saa saba na nusu, na kwamba hakukubali mpaka mimi niliposema hesabu haina kosa.

"Miaka miwili, dada," akasema. "Umeniacha nimnunie mama miaka miwili."

"Ndiyo."

"Mpe simu."

Nikampa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba, sikutaka kusikia. Waliongea mpaka jua likaondoka kwenye kaburi la baba. Mama aliponirudishia simu ilikuwa ya moto, nikaiweka sikioni nimuage.

"Wewe usinipigie kwanza," mdogo wangu akasema. "Nikiwa tayari nitakutafuta."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa hivi anampigia mama kila Jumapili baada ya ibada, kwenye simu ya mama mwenyewe aliyomnunulia. Mimi huwa nipo, naosha vyombo, nasikia mama anavyocheka na kumgombeza kwamba hali chakula vizuri. Mwishoni mama hufunika simu kwa kiganja na kuniuliza kama nataka kumsalimia. Namwambia amsalimie tu.